Picha Uliyonipiga Siku Jua Lilipopatwa

Mpendwa Baba Marwa,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mjukuu alitaka nimsomee yeye aandike kwenye simu, nikamkatalia, kwa sababu haya ni maneno ya mimi na wewe kwanza, ndipo yawe ya watu wengine. Kalamu nilijifunza kuishika nikiwa mtu mzima, kwenye darasa la jioni la kijiji, na wewe unajua herufi zangu hupanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Utavumilia.

Kuna jambo uliniomba nisiliseme. Uliniomba siku moja tu, nami nikalishika muda wote tulioishi pamoja. Sasa aliyelindwa na ukimya huo ameshakwenda, na wewe umeshakwenda. Hapa Busawe wamebaki wazee wachache wanaokumbuka yaliyosemwa juu yako, na wapo vijana walioyarithi bila kujua yalikotoka. Nimeona kwamba nikinyamaza mpaka nami nizikwe, yatakayobaki na jina lako ni hayo. Kwa hiyo nayasema, na yeyote anayetaka ayasome.

Nianze na kamera. Ulikuwa karani wa kupima pamba kwenye ghala la ushirika, kijana wa kaptura iliyopigwa pasi, na mimi nilikuwa mkeo mpya kutoka Nyangoto. Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza. Tulizungumza Kikurya, na ukitaka kunitania ulinisemesha Kiswahili cha redio. Ndama wako dume mwekundu ulimpeleka mnadani, na nyumbani wote tukajua umepata mabati. Mama yako alikuwa ameshawaambia majirani kwamba jiko lake litaezekwa. Ukapanda lori la pamba kwenda Musoma. Uliporudi, hukuwa na bati hata moja. Ulikuwa na mfuko wa ngozi shingoni, na ndani yake kamera, uliyouziwa na Mhindi mmoja aliyekuwa anafunga studio yake ahame.

Baba yako aliishika, akaigeuza juu chini, akakurudishia.

"Hiki kinakamuliwa saa ngapi?" akauliza.

Watu walicheka boma zima. Wewe pia ulicheka, lakini nilikuona umeinamisha macho. Baba hakusema nawe tena mpaka mwezi ukaandama.

Ulijifundisha mwenyewe. Hapakuwa na wa kukuonyesha. Mwanzoni ulikata watu vichwa, kisha ukawa unawakata miguu, na mpaka leo katika nyumba kadhaa za hapa kuna picha za harusi za watu wasio na miguu kwa sababu yako. Mkanda ukiisha uliutuma Musoma kusafishwa, na siku bahasha iliporudi hukula mpaka umeangalia zote. Uliziangalia moja moja kwenye mwanga wa mlango, ukiguna. Mimi nilijua kwa mguno tu kama picha imetoka au imeungua.

Tulikaa muda bila mtoto. Unakumbuka maneno yalivyoanza kusemwa, kwa sauti ya chini kwanza, kisha kwa sauti ya kawaida. Mama yako hakuyasema hata siku moja. Kuna asubuhi alinikuta nyuma ya nyumba nikilia, akakaa karibu nami, akaanza kuchambua mboga kana kwamba ndicho kilichomleta. Nilipopata mimba yeye ndiye aliyejua kabla yako. Akaninyang'anya mtungi wa maji, akaninyang'anya jembe, akawa anakamua maziwa ya ng'ombe mweusi kwa ajili yangu peke yangu. Nataka watu wajue hilo kabla hawajasoma mengine. Alinipenda, na mtoto yule alimpenda kabla hajamwona.

Mimba ilipokuwa kubwa, redio ikatangaza kwamba jua litapatwa. Ilisema mbali huko kaskazini ya Kenya litafunikwa lote pawe giza, na kwetu litafunikwa sehemu kubwa lakini si lote. Ikasema watu wasiliangalie kwa macho matupu. Wewe hukutulia tena. Jioni ulituweka jikoni mbele ya koroboi, ukachukua kiazi ukakipitisha polepole kati ya moto na uso wangu. "Hiki ni mwezi," ukasema. "Unapita njia yake, na jua liko nyuma. Basi. Hakuna kinachokufa."

Mama yako alikuwa anakoroga uji. Hakugeuka.

"Mura, mwanangu, ya mwezi na kiazi siyajui," akasema. "Ninachojua ni kwamba mwenye mimba hatoki nje siku hiyo. Na ng'ombe mwenye mimba tunamfungia."

"Sawa, mama. Rhobi atakaa ndani."

Hukubishana naye. Hilo nalo nataka lijulikane, kwa sababu baadaye walisema ulimdharau mama yako na ukaidharau mila. Uliitikia mara moja, na kwa heshima.

Siku yenyewe, watu walianza kuja nyumbani mapema mchana. Ilikuwa msimu wa kuuza pamba, na wengi walipitia hapo kutoka ghalani wakiwa bado na nyuzi kwenye nywele. Ulijaza karai maji ukayatia masizi ili yawe meusi, walitazame jua humo. Ulitoboa boksi tundu dogo la sindano ili jua lianguke kwenye karatasi. Kinu ulikigeuza ukaweka kamera juu yake, na mbele ya jicho la kamera ukafunga kipande cha mkanda ulioungua, mweusi tii, umekikunja mara mbili. Ulisema bila hicho jua lingeila filamu yote. Baba yako mkubwa, mzee Chacha, alikuja na kigoda chake na koti lake zito, akakaa mbali na watu, mgongo ameuelekeza kwenye kamera.

Mimi nilikuwa jikoni kama nilivyoambiwa, nachambua mtama kwenye ungo. Kutoka nje nilisikia sauti yako ukiwasihi watu: "Kwenye maji, jamani! Angalieni kwenye maji!" Kisha nikasikia wote wamesema "aa" kwa pamoja, nikajua limeanza.

Paa lilikuwa la nyasi kuukuu, maana mabati yalikuwa kamera. Siku zote jua lilipita kwenye matundu yake likaweka madoa ya mviringo sakafuni, na sikuwahi kuyafikiria. Siku hiyo nilitazama kwenye ungo nikaona madoa yamelika upande. Kadiri nilivyotazama yalizidi kulika, mpaka yakawa miezi michanga, midogo midogo, yote imeelekea upande mmoja. Ilikuwa kwenye mtama, kwenye mikono yangu, kwenye nguo, na juu ya tumbo langu. Nilisogea, ikasogea juu yangu. Sikuogopa. Sijui kwa nini sikuogopa, kwa maana nilikuwa nimelelewa kuogopa. Mtoto akageuka ndani, kwa nguvu, kama anayetafuta namna nzuri ya kulala.

Wakati huo hatukuwa na mtoto wa kukuita kwa jina lake. Nikaita, "Mwita! Njoo uone!"

Uliingia umeinama, ukadhani nimeshikwa na uchungu. Nikakuonyesha. Ulinyoosha kiganja, na mwezi mmoja ukatua katikati yake. Ukakaa hivyo hivyo, mkono umenyooka. Kisha ukacheka taratibu.

"Rhobi, hilo ni jua lenyewe. Kila tundu limekuwa kamera."

"Nipige picha hivi nilivyo."

"Humu giza. Haitatoka." Ukafikiri. "Kule kwenye mpera, majani nayo yatakuwa yanafanya hivi hivi."

"Basi twende."

"Na mama je?"

Nilikwambia maneno haya, na sijayasahau: "Jua limeshaingia ndani, Mwita. Limenifuata jikoni. Nikitoka pana tofauti gani? Nipige kabla halijaisha."

Mimi ndiye niliyekuita. Mimi ndiye niliyesema twende. Wewe ulishika mlango nikapita.

Ule mpera ulikuwa karibu na ukuta wa jiko, na ukuta mama alikuwa ameupaka udongo mweupe. Nilisimama hapo. Miezi midogo ilinijaa kuanzia kichwani mpaka miguuni, na ukutani nyuma yangu ilitapakaa isiyohesabika. Watu wote walikuwa wamezunguka karai, wametupa migongo. Mwanga ulikuwa umebadilika, umekuwa kama mwanga wa jioni lakini usio na wekundu wowote, na kulikuwa na baridi. Kuku walianza kwenda mtini mmoja mmoja, wakisita. Zizini ng'ombe mmoja alilia. Ulikuwa umeondoa kile kipande cheusi kwenye kamera. Uliniambia, "Weka mikono tumboni." Nikaweka. Nikasikia kamera imelia.

Hapo ndipo mama yako alipogeuka. Alipiga ukelele wa msiba. Alikuja mbio, akavua shuka yake mwenyewe akanifunika kichwa na tumbo, akanirudisha jikoni akiwa amenikumbatia. Nilipopita karibu na mzee Chacha nilimwona ananitazama. Kisha akatema mate upande wa jua.

Baada ya muda jua lilirudi lote, kuku wakashuka, watu wakarudi kwenye pamba yao.

Mtoto wetu alizaliwa pamba ilipokwisha. Mama yako alinizalisha kama alivyowazalisha wanawake wengi wa pale, kwa mikono myepesi, akiniimbia. Alikuwa msichana. Alilia kwa sauti kubwa mpaka ukasikia kutoka zizini. Ulimpa jina la bibi yako, Bhoke. Ulimshika ukamwambia mama, "Ana kila kitu, umeona? Vidole vyote, macho yote." Mama akakujibu, "Nimeona, mura. Nimeona." Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na mimi nikajua ile hofu imemwondoka.

Hazikupita siku nyingi. Asubuhi moja Bhoke hakutaka ziwa. Nikadhani ameshiba. Mchana nilipojaribu tena, kinywa hakikufunguka. Taya lilikuwa limekaza. Jioni mwili wote ukawa unakakamaa kila alipoguswa, hata upepo ukimpita, na mgongo unajikunja kwa nyuma. Uliazima baiskeli umwite tabibu wa misheni, ukaendesha usiku kucha. Mliporudi alikuwa ameshanyamaza. Mama yako alikuwa amemfunika na ile shuka aliyonifunika mimi.

Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Watu walikuwa bado wamesimama na majembe mkononi mzee Chacha alipozungumza.

"Jua lilimng'ata mtoto huyu tumboni. Wote mliona mama yake ametolewa nje. Na aliyemtoa alitaka kujaza kile kijisanduku."

Nilitaka kusema mimi ndiye niliyeita, lakini nilikuwa mwanamke mgeni, na nimefiwa. Ulinitazama ukatikisa kichwa kidogo, kwamba niache. Ukainama ukaendelea kufukia.

Bahasha kutoka Musoma ilikuja baada ya msiba. Ulifungua jikoni. Jua lilikuwa limetoka dogo sana, kama punje iliyoliwa na mdudu, picha baada ya picha. Nyingine zilikuwa nyeusi kabisa. Na moja ilikuwa ya kwangu. Ilikuwa imetoka kuliko picha zote ulizowahi kupiga. Nilikuwa na miguu, na kichwa, na mikono tumboni, na miezi juu yangu yote. Uliitazama bila kuguna. Kisha ukainamia mafiga kuitia motoni.

Nilikushika mkono. "Usiichome."

"Rhobi, hii ndiyo waliyoisema."

"Hii ndiyo picha yake," nikakwambia. "Hana nyingine."

Ukaniachia. Hukuiona tena kwa macho yako, maana niliificha ndani ya sanduku langu la nguo, na hukuwahi kuniuliza iko wapi.

Wazee wa mila walitaka mbuzi wa kusafisha boma, ukatoa. Walitaka useme hutapiga picha tena, ukasema. Kamera uliitundika kwenye boriti. Watu waliokuwa wakikuita kwenye harusi wakaacha kukuita. Wanawake wenye mimba walibadili njia wakikuona unatoka ghalani. Nilikuwa natembea nawe, kwa hiyo niliona.

Mwaka uliofuata likaja agizo la kuhamia vijijini. Wengine walikwenda kwa hiari, wengine walisubiri mpaka mgambo wakaja. Sisi tulisubiri, kwa sababu ya ile migomba. Mama yako alikaa chini kwenye kile kikaburi akasema yeye haondoki, wamwache na mjukuu wake. Ukachuchumaa karibu naye muda mrefu, mkizungumza ambayo sikuyasikia, mpaka akanyoosha mkono ukamwinua. Paa lilishushwa. Tulipakia ungo, kinu, vigoda, sanduku langu, kuku. Nilikuona ukiingia mara ya mwisho kwenye nyumba isiyo na paa, ukatoka mikono mitupu. Kamera ulikuwa umeiweka juu ya mafiga. Hukugeuka nyuma, na mimi sikukwambia kwamba nimeona.

Kijiji kipya kilikuwa na nyumba za mistari, bomba lililotoa maji siku likitaka, shamba la wote, na zahanati. Nilipopata mimba ya Marwa nilikwenda kliniki, kwa maana iliagizwa. Nesi alikuwa binti mdogo wa kutoka upande wa Tarime, anasema Kikurya. Akanichoma sindano mkononi. Nikamuuliza ni ya nini, akasema ni ya pepopunda. Akaanza kutueleza sote kwenye benchi jinsi inavyomwingia mtoto: kitovu kikikatwa na kitu kisichochemshwa, au kikipakwa majivu na samadi. Akaeleza mtoto anavyokuwa. Ziwa analikataa. Taya linakaza. Mgongo unajikunja.

Nilitoka nje ya zahanati nikashika ukuta.

Nilikukuta kwenye shamba la kijiji, unapalilia na wenzako. Ulipouona uso wangu uliacha jembe tukasogea kando. Nilikueleza yote. Nilidhani nimekuletea uhuru wako. Nilikuwa nimeharakisha njiani ili uupate mapema. Ulisikiliza mpaka mwisho, ukatazama chini.

"Mama ndiye aliyekata," ukasema.

"Ndiyo."

"Nesi anamjua?"

"Hapana. Alikuwa anatufundisha tu."

Ukanishika mabega, wewe ambaye hukuwahi kunigusa mbele za watu. "Rhobi, usimwambie mama. Usimwambie mtu yeyote. Akijua hatapona."

"Na wewe je? Wanasema ni wewe."

"Waseme. Mimi nitaweza. Mwache mama."

Ukaweza, Baba Marwa. Tulimwambia kwamba serikali imeagiza watoto wote wazaliwe zahanati. Miaka ile serikali iliagiza mambo mengi, na yeye hakuona ajabu. Watoto wetu watano wakazaliwa huko, wote wazima. Uliwalea, ukawasomesha, ukazeeka. Kwenye harusi zao mpiga picha akija, ulikuwa unaondoka kwenda kutazama ng'ombe. Watoto walidhani baba yao hapendi picha. Mzee Chacha mpaka anakufa hakukupa mkono, na wewe ulikwenda kuchimba kaburi lake.

Sasa nifike kwenye lile ambalo wewe hulijui.

Ule mwaka Marwa alipoanza shule, zahanati iliwaita wakunga wa vijijini wafundishwe. Mama yako alikwenda. Hatukuwa na sababu ya kumzuia ambayo tungeweza kuitamka. Siku ya mwisho alirudi na wembe mpya na kipande cha sabuni walichopewa, akaviweka juu ya kabati, akaenda kulala jua likiwa bado liko juu. Ulidhani amechoka. Tangu siku hiyo hakuzalisha mtu mwingine hata mmoja. Walipomwita alisema macho yamekwisha.

Alipokuwa anakufa, wewe ulikuwa umekwenda Mugumu kutafuta dawa. Nilikuwa namlisha uji kwa kijiko. Alinizuia mkono.

"Rhobi, yule wa kwanza ni mkono wangu. Najua tangu nilipofundishwa."

Nikarudisha kijiko bakulini.

"Na Mwita anajua. Nimemtazama miaka yote hii akinibebea. Nilitaka nisimame mbele ya watu niseme. Kila nilipotaka kusimama niliona jinsi anavyofurahi mimi nikicheza na watoto wake. Nikasema nikisimama, nitakuwa nimemnyang'anya hata hicho." Akapumzika. "Usimwambie kwamba nilijua. Ataona aliteseka bure."

Nikamwahidi. Kwa hiyo nikawa na ahadi mbili ndani ya nyumba moja, ya mama kwa ajili ya mwana na ya mwana kwa ajili ya mama, nikazitunza zote mbili, na kila mmoja wenu alikula chakula changu akidhani mwenzake hajui. Kuna siku zilinilemea. Ulipolia kwenye maziko yake, ukisema "hakuwahi kujua, afadhali hakuwahi kujua," ukiwa umeniegemea begani, nilikaribia kufungua kinywa. Nikakifunga. Nimefikiria tangu ulipoondoka kama nilifanya vema, na nimeona kwamba ningerudi palepale ningekifunga tena.

Lakini sasa hakuna wa kuumia. Mama yako hakumuua mtu. Alifanya alivyofanyiwa yeye alipozaliwa, na alivyofanyiwa mama yake. Wewe hukumuua mtu. Ulimpiga mkeo picha chini ya mpera. Na jua lilikuwa linapita njia yake. Nawaambia hivyo wote wanaosoma haya, wa ukoo wa Chacha nao wakiwamo, na sina ugomvi nao.

Juzi watoto wamekujengea kaburi. Fundi alikuja na kibao cha marumaru akamuuliza Marwa aandike nini. Marwa akamtajia jina lako, kisha akasema, "Andika, ameacha mke na watoto watano."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, nikasema, "Andika alikuwa baba wa watoto sita."

Wote wakanigeukia. Najua walidhani ni uzee. Mmoja akaanza kunihesabia majina taratibu, kama mtoto anavyohesabiwa. Nikainuka, nikaenda chumbani, nikarudi na ile picha. Nikawasimulia haya yote, na fundi akiwa amekaa palepale na penseli sikioni. Marwa, ambaye sasa ana mvi nyingi kuliko ulizokuwa nazo wewe, aliishika ile picha kwa ncha za vidole, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaitazama muda mrefu.

"Mama," akaniuliza, "yeye yuko wapi hapa?"

Nikamwekea kidole. Nikamwambia, "Hapo, chini ya mikono yangu. Msalimie dada yako."

Akamsalimia, Baba Marwa. Mtu mzima yule, mbele ya fundi, aliinamia picha akasema, "Shikamoo, dada."

Lala salama, mume wangu. Msalimie mama. Mwambie unajua, naye anajua, na mkeo sasa amenyamaza kwa sababu amechoka tu, hana tena anachoficha.

Wako,
mama wa watoto wako sita